Lantana ya Bujumbura: ua la bustani, kichaka cha Imbo

Lantana, kwa jina la kisayansi Lantana camara, ni kichaka cha jamii ya Verbenaceae kilichosambazwa duniani kwa sababu ya maua yake. Shina lake lina pembe nne, na mara nyingi lina vimiba vilivyopinda. Majani yake yanakwaruza, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali isiyotoka vidoleni upesi. Maua ni madogo, yamekaa kwa vishada. Yanachanua yakiwa ya manjano, na yakishachavushwa hugeuka kuwa ya rangi ya chungwa, ya waridi au mekundu, ndiyo maana kishada kimoja huwa na rangi mbili tatu kwa wakati mmoja. Baada ya maua huja vijitunda vya kijani ambavyo vikiiva huwa vyeusi na kung'aa.

Mjini Bujumbura mmea huu una maisha ya namna mbili. Katika mitaa kama Rohero na Kiriri uko mbele ya nyumba, unakatwa kwa mkasi kila unapochomoza, unamwagiliwa maji wakati wa kiangazi. Kwenye kingo za mito Ntahangwa, Muha na Kanyosha, katika viwanja ambavyo havijajengwa, na upande wa magharibi kuelekea Gatumba na Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, ni kichaka kinachoweza kumpita mtu kwa urefu, kilichosongamana hata mbwa hapiti. Mbegu ni zilezile. Kilichopungua huku ni mtu wa kukata. Historia ya lantana katika nchi za Maziwa Makuu inaonyesha jambo hilohilo mara kwa mara: kichaka hiki kimedhuru zaidi pale ardhi ilipoachwa na wenyewe, kwa vita, kwa kufukuzwa, kwa kuporomoka kwa bei ya mazao, au kwa sheria iliyowaondoa wakulima bila kuweka mlinzi mahali pao.

Jinsi kilivyofika

Asili ya lantana ni Amerika ya Kati na ya Kusini pamoja na visiwa vya Karibi. Waholanzi waliipeleka Ulaya katika karne ya 17, na Linnaeus akaipa jina la kisayansi mwaka 1753. Katika bustani za Ulaya wakulima wa maua waliipandisha aina kwa aina hadi zikapatikana mamia ya namna: nyeupe, zambarau, zenye miba, zisizo na miba. Kutoka huko ilisafirishwa kwenda makoloni. India ilifika mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia bustani ya mimea ya Calcutta, na Australia katika miaka ya 1840. Leo nchi hizo mbili zina mamilioni ya hekta zilizofunikwa na lantana. Afrika Mashariki nayo iliipokea wakati wa ukoloni, kama mmea wa ua na wa pambo.

Ukitafakari walichokuwa wakikitafuta wale wakulima wa maua, utaelewa kwa nini mmea huu umekuwa mgumu hivi. Walitaka ua linalochanua mwaka mzima, lisilochagua udongo, linalostahimili ukame na kuchipua tena likikatwa, lisiloliwa na wanyama. Walipata yote. Kila sifa iliyoifanya lantana ipendwe bustanini ndiyo inayoiwezesha kuteka pori. Haikubadilika tabia ilipovuka ua wa nyumba.

Bustani za utafiti nazo zina sehemu yao katika hadithi hii. Mfano unaojulikana zaidi katika kanda yetu ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na kupanda mamia ya spishi kutoka kila pembe ya tropiki. Baadhi zilitoroka. Kichaka cha Clidemia hirta, kutoka Amerika ya tropiki, kimeingia msituni na kutanda chini ya miti mahali ambapo miche ya miti ya asili ilipaswa kuota.

Jinsi kinavyoteka pori

Mti mmoja wa lantana unaweza kutoa matunda elfu kadhaa kwa mwaka. Ndege, hasa shore, huyala na kudondosha mbegu chini ya matawi wanayotulia, kwa hiyo miche ya kwanza huota chini ya mti uliosimama peke yake, kando ya seng'enge, au ukingoni mwa msitu. Hapo mmea hukua haraka, ukielemea miti midogo na kuitumia kama ngazi. Shina likigusa ardhi yenye unyevu hutoa mizizi. Majani yanayoanguka yana kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota au kukua vizuri. Baada ya misimu michache nyasi hupotea chini yake, udongo unabaki mtupu, na mvua kubwa ikija maji hayana kitu cha kuyapunguza kasi. Kwa mji ambao vilima vyake vya mashariki humomonyoka kila masika na kushusha tope hadi mitaani, hilo ni jambo la kuangaliwa.

Lantana haipendi kivuli kizito wala maji yaliyotuama. Tabia hizo mbili zinaeleza ramani yake. Katikati ya msitu mnene wenye dari iliyofungana haifanikiwi, na ndani ya matete ya delta ya Rusizi, ambako miguu inazama, haipo. Inastawi ukingoni: kwenye njia, penye shamba lililokatwa jana, palipochomwa makaa, kwenye mwinuko mkavu kidogo juu ya kinamasi. Msitu mdogo kama ule wa Kigwena, kusini mwa Rumonge, una ukingo mrefu ukilinganisha na eneo lake, na kila mti unaokatwa ndani yake hufungua dirisha la mwanga. Kibira, juu kwenye mgongo wa Kongo na Nile, una kinga ya baridi na ya ukubwa, ingawa vipande vyake vya chini havina kinga hiyo kwa kiwango kilekile.

Rusizi ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi. Hifadhi hii, inayoanza kilomita chache tu kutoka katikati ya Bujumbura, ina sehemu ya delta, yenye viboko, mamba na ndege wanaohama, na ina uwanda mkavu zaidi, wenye mikoche na migunga. Delta iliingizwa katika orodha ya maeneo oevu ya Ramsar mwaka 2002. Mikoche ile ni ya aina yake nchini Burundi. Hukua taratibu sana, na mche wake unahitaji miaka ya mwanga kabla haujapita urefu wa ng'ombe. Mahali ambapo ng'ombe wanalishwa kupita kiasi, nyasi zinapungua. Nyasi zikipungua, lantana, ambayo ng'ombe wanaikwepa, inabaki peke yake bila mshindani. Mfugaji anaona malisho yamepungua, anahamia mbele, na nyuma yake kichaka kinaziba. Moto wa kiangazi hausaidii. Lantana kavu huwaka kwa ukali na kupandisha miali hadi kwenye majani ya mikoche, kisha mvua ya kwanza ikinyesha huchipua kutoka shinani huku mche wa mkoche ukiwa umekufa.

Ng'ombe, mbuzi na sumu ya ini

Majani na matunda mabichi ya lantana yana sumu ziitwazo lantadeni, zinazoharibu ini. Mnyama aliyekula vya kutosha huacha kula, choo chake kinakuwa kigumu, macho na fizi hugeuka manjano. Ini likishindwa kutoa taka za kijani cha majani, taka hizo hubaki kwenye damu na kufanya ngozi iungue kwa jua, hasa sehemu zisizo na nywele nyingi au zenye rangi nyeupe: puani, masikioni, kwenye kiwele. Mnyama huyo hujificha kivulini na ngozi huanza kubanduka. Tumbo lake huwa limesimama, hivyo sumu huendelea kunyonywa polepole kutoka kwenye majani yaliyobaki humo. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo hutoa mkaa ulioamilishwa kwa wingi: hunasa sumu kabla haijapita. Bila tiba, mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache au wiki mbili tatu.

Ng'ombe aliyezaliwa penye lantana kwa kawaida huikwepa. Walio hatarini ni wale walioletwa kutoka mahali isipoota, na wale wenye njaa. Burundi ina sababu mpya ya kulikumbuka hilo. Sheria ya Oktoba 2018 ilipiga marufuku kuachia mifugo ovyo na kuagiza ifugwe zizini, na tangu hapo wengi hukata majani na kuyabeba kichwani au kwa baiskeli hadi kwa ng'ombe. Ng'ombe anayejilisha mwenyewe huchagua. Aliye zizini hula alicholetewa, hasa kikiwa kimekatwakatwa na kuchanganywa. Mtu anayekata malisho kando ya mto wakati wa kiangazi, ambapo kijani ni kichache, anapaswa kulijua jani la lantana kwa kuligusa na kwa kulinusa, na kulitupa kando.

Kwa binadamu, matunda meusi yaliyoiva huliwa na watoto sehemu nyingi za Afrika, na mara nyingi hayaleti shida. Mabichi ya kijani ni jambo jingine. Yamewaletea watoto matapishi, udhaifu na kupumua kwa shida. Mzazi mwenye ua wa lantana uani anapaswa kuwafundisha watoto tofauti hiyo mapema, au kuyakata matunda kabla hayajaonekana.

Kichaka na malale

Sura hii ndiyo kubwa kuliko zote, na inaanzia kando ya ziwa Tanganyika lenyewe.

Malale huletwa na vijidudu vya Trypanosoma vinavyobebwa na mbung'o. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 ugonjwa huu uliua watu kwa maelfu kandokando ya ziwa Victoria na ukafika ziwa Tanganyika. Robert Koch alifanya utafiti wake katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, akitumia dawa ya atoksili yenye arseniki, ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Baada ya hapo Wajerumani walifungua kambi za matibabu katika Afrika Mashariki yao, zikiwemo za pwani ya Tanganyika katika Imbo, uwanda wa chini unaozunguka mji uliokuwa ukiitwa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Sindano hazikutosha. Nguzo ya pili ya kazi ilikuwa kufyeka. Vibarua wa Imbo walikata vichaka kwenye midomo ya mito, kwenye vivuko, mahali pa kuchota maji na pa kuvutia mitumbwi, na walipaswa kurudi kukata tena, kwa sababu vichaka vilirudi.

Kwa nini kufyeka? Mbung'o hataki jua kali. Wale wa kingo za maji, wa kundi la Glossina fuscipes ambalo lina matawi yake katika ziwa Victoria na ziwa Tanganyika, hukaa kivulini karibu na maji na hawaendi mbali. Jike hatagi mayai. Hukuza buu mmoja tu tumboni, na kila baada ya siku tisa au kumi humweka buu huyo kwenye udongo mlegevu wenye kivuli na unyevu. Buu hujichimbia na kukaa chini kama mwezi mmoja kabla ya kutoka akiwa nzi. Mdudu anayezaa polepole hivyo hutegemea sana mahali pa kuzalia. Ukiuondoa ule udongo wenye kivuli, umeondoa kizazi.

Vichaka vya wakati wa Wajerumani vilikuwa vya mimea ya asili. Lantana ilipokuja, ilileta kivuli kilekile na kukipeleka mahali ambapo mbung'o hakuwa amezoea kufika. Ushahidi ulipatikana Alego, katika Nyanza ya Kati nchini Kenya, ambayo leo ni sehemu ya Siaya. Mwaka 1964 ulizuka mlipuko wa malale aina ya rhodesiense, ile inayoua kwa miezi badala ya miaka. Watafiti walimkuta mbung'o wa kingo za maji akiishi na kuzaana ndani ya nyua na vichaka vya lantana, mmea ambao Wajaluo huuita nyabende winy, vilivyozunguka maboma ya watu. Hakuhitaji tena mto. Alikuwa na kivuli mlangoni, na alikuwa na damu: ya ng'ombe na ya watu. Mwaka 1966 watafiti hao walichapisha jambo lililobadilisha uelewa wa ugonjwa, kwamba ng'ombe wa Alego walibeba vijidudu vyenye uwezo wa kumwambukiza binadamu. Ua wa lantana ulikuwa umewaweka watatu hao, nzi, ng'ombe na mtu, ndani ya boma moja.

Busoga, mashariki mwa Uganda, ilipatwa vibaya zaidi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Biashara ya pamba na kahawa ikaporomoka, na mashamba mengi yakaachwa. Waganda huita lantana kayukiyuki, na ndiyo iliyojaza mashamba hayo. Mwaka 1976 malale yalianza kupanda. Huduma za mifugo na za kudhibiti nzi zilikuwa zimevunjika pamoja na dola. Mwaka 1980 peke yake waligunduliwa wagonjwa zaidi ya 8,000. Hali ilitulia baadaye kwa matibabu, kwa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi iliyotundikwa kwa maelfu, na kwa watu kurudi shambani. Silaumu ua kwa makosa ya serikali. Lakini bila kichaka kile, nzi wa kando ya maji angekuwa na njia nyembamba zaidi ya kufika kwa mtu wa kijijini.

Mwaka 2004 watafiti wa Neuchâtel, Uswisi, waliongeza jambo la kushangaza. Walionyesha kwamba mbung'o huvutwa na harufu yenyewe ya lantana. Antena zake hujibu baadhi ya kemikali za majani. Kwa hiyo kivuli si sababu pekee.

Burundi imepitia mambo yanayofanana na ya Busoga. Kuanzia 1993 vita vilifukuza familia kwa mamia ya maelfu. Mashamba ya Imbo na ya milima juu yake yakawa vichaka, mengine kwa miaka zaidi ya kumi, hadi wenyewe waliporudi kutoka Tanzania na Kongo na kuanza kufyeka upya. Malale hayakurudi kwa sura ya Busoga, na tiba leo ni bora: tangu 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli hata kwa aina ya rhodesiense, badala ya kuanza na sindano kali za zamani. Hata hivyo nagana, ugonjwa wa ng'ombe wa jamii hiyohiyo, hauna chanjo mpaka sasa.

Marekani ina mfano wake wa kichaka cha pambo kinacholea mdudu wa ugonjwa. Mwaka 1875 mbegu za kichaka cha Kijapani, Berberis thunbergii, zilifika katika bustani ya miti ya Arnold mjini Boston. Kilipendwa kwa majani yake yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika, kikatorokea misituni. Watafiti wa Connecticut waligundua kwamba chini yake unyevu hudumu usiku na mchana, panya wa porini hupata maficho, na kupe wanaobeba ugonjwa wa Lyme huwa wengi kuliko penye msitu usio nacho. Kichaka kikiondolewa, kupe hupungua. Jimbo la Pennsylvania liliamua mwaka 2021 kupiga marufuku uuzaji wake. Mdudu ni mwingine na bara ni jingine, lakini sababu ni ileile ya udongo wenye kivuli na unyevu.

Mbu: hesabu isiyo rahisi

Mtu wa Bujumbura atauliza kuhusu malaria kabla ya malale, na ana haki. Mwezi Machi 2017 wizara ya afya ilitangaza rasmi mlipuko wa malaria nchini, na mwaka 2019 wagonjwa waliorekodiwa walipita milioni sita.

Hapa lantana ina sifa yake, na ni lazima isemwe. Mkoani Kagera, Tanzania, familia zilizoshiriki katika utafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara zilipanda lantana kuzunguka nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba nyumba hizo ziliingiwa na mbu wa malaria wachache kuliko nyumba zisizo na mmea huo: Anopheles gambiae kwa asilimia 56 na Anopheles funestus kwa asilimia 83. Mmea uleule unaomwita mbung'o kwa harufu humzuia mbu mlangoni. Magharibi mwa Kenya pia lantana iliyopandwa chunguni imeonekana kupunguza mbu wanaoingia ndani.

Upande wa pili wa hesabu unahusu chakula cha mbu. Mbu dume haishi kwa damu, na jike naye hunywa maji matamu ya maua ili apate nguvu ya kuruka na kuishi hadi vijidudu vya malaria vikomae ndani yake. Mbu anayeishi wiki moja zaidi ana hatari kubwa zaidi. Nchini Mali, katika wilaya ya Bandiagara, watafiti walikata matawi yenye maua ya Prosopis juliflora, mti uleule ambao watu wa Baringo, Kenya, huuita mathenge, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba mbu wa vijiji hivyo walipungua kwa zaidi ya nusu, hasa majike wazee ambao ndio waambukizaji. Magharibi mwa Kenya, mbu walipopewa mimea ya kuchagua walipendelea, miongoni mwa mingine, mbarika na Tecoma stans, kichaka cha kengele za manjano ambacho nacho huuzwa kama pambo na nacho hutorokea porini.

Kwa maoni yangu matokeo ya Kagera yanamfaa mtu mwenye mashina machache karibu na dirisha, anayoyakata yeye mwenyewe kabla hayajazaa matunda, huku akilala ndani ya chandarua. Hayahalalishi kichaka cha nusu hekta kando ya Ntahangwa, ambacho hakilindi dirisha la mtu yeyote.

Jirani zake bustanini

Lantana haiko peke yake. Tithonia diversifolia, alizeti ya Kimeksiko inayopamba kando ya barabara za Burundi kwa manjano, ni mvamizi wa mashamba yaliyolala. Lakini majani yake yana nitrojeni nyingi, na wakulima wa magharibi mwa Kenya na wa Burundi huyafukia kama mbolea, kwa hiyo inakatwa na haipati nafasi ya kutawala kila mahali. Duranta yenye majani ya dhahabu, inayopendwa kwa nyua fupi, ina matunda ya manjano yenye sumu kwa watoto. Cascabela thevetia, yenye maua ya manjano ya tarumbeta, ina mbegu ambazo zinaweza kusimamisha moyo. Nadhani haifai kabisa kupandwa kwenye uwanja wa shule.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, Senna spectabilis ilipandwa na watu vijijini kabla ya eneo hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Wanakijiji walihama, mti ukabaki, ukaingia katika msitu wa sokwe. Wahifadhi walijifunza kwamba kuukata tu kunaufanya uchipue. Kuubandua gome kuzunguka shina lote huuua ukiwa umesimama.

Kuondoa

Kupambana na lantana kwa wadudu kulianza Hawaii mwaka 1902, na tangu hapo aina kama arobaini za wadudu na maradhi zimeachiliwa katika nchi nyingi, kwa mafanikio ya wastani tu. Mchanganyiko wa aina zilizotengenezwa bustanini ndio kikwazo: mdudu anayeila moja huikataa nyingine. Uganda ilipata funzo la ziada katika miaka ya 1960. Mdudu Teleonemia scrupulosa, aliyeletwa kula lantana, aliongezeka kwa wingi, akamaliza majani aliyoletewa, kisha akaonekana akila simsim. Hakuweza kuishi juu yake kwa muda mrefu, lakini wakulima hawakuhitaji majaribio hayo.

Kwa Bujumbura kinachofaa ni kazi ya mikono iliyopangwa vizuri. Kukata juu ya ardhi ni kupogoa, na kunaongeza matawi. Shina linapaswa kukatwa chini ya udongo, sentimita chache chini ya mahali mzizi mkuu unapoanzia, kwa jembe au sururu. Njia hii imetumika katika misitu ya India kwa miaka mingi. Vichaka vilivyong'olewa havilazwi kwenye udongo wenye unyevu, vitashika mizizi. Vinageuzwa juu chini vikauke, kisha vinatumika kama kuni. Mwanzo wa mvua, Oktoba na Novemba, udongo ukiwa umelainika, ndio wakati mzuri, kabla matunda mapya hayajaiva. Mbegu zilizobaki ardhini hubaki hai kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mahali palipofyekwa panarudiwa kila msimu hadi miche ikome. Ndege wataleta nyingine kutoka kwenye nyua za mitaa ya juu, na kwa hiyo usafi wa ukingo wa mto unategemea pia mwenye bustani aliye mbali na mto.

Ardhi iliyofyekwa ikiachwa tupu huota lantana tena. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inatenga ukanda wa mita 150 kutoka ziwa Tanganyika usiojengwa wala kulimwa, na kuna kanda nyembamba zaidi kando ya mito. Nia ni njema. Lakini ukanda uliokatazwa mkulima na usiokabidhiwa mtu mwingine ni ardhi ya namna ileile iliyoilea lantana Busoga. Ukanda huo unahitaji mwenyewe: kikundi cha mtaa, chama cha wafugaji wa zizini wenye haki ya kukata majani ya tembo yaliyopandwa humo, au walinzi wa OBPE, ofisi ya serikali ya mazingira, wenye bajeti ya kufyeka kila mwaka.

Kwa ua wa nyumba, mimea mbadala iko tangu zamani. Rugo, yaani maboma ya jadi ya Warundi, zilizungushiwa minyaa, ambayo hukua hata penye ukame na haisambazwi na ndege, ingawa utomvu wake huumiza macho na mkataji anapaswa kujihadhari. Zilizungushiwa imivumu, miti ya jamii ya mkuyu, inayokatwa na kuota kwa vijiti. Na umurinzi, mti wa maua mekundu uliopewa heshima katika ibada za Kiranga, roho ya dini ya jadi ya Warundi, ulisimama karibu na nyumba. Vitalu vya maua vya Bujumbura vinaweza kukuza vijiti hivyo kwa gharama ndogo, kwa kuwa vyote huota kwa kuchomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua.